Mtoto wa Siku Moja Asiyepiga Simu

Kilburn, Jumamosi jioni

Mwanangu Denise,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, nami nimekalia sanduku lako kwa sababu halitaki kufunga. Nimekuta umetoa sweta mbili nilizoweka, ukatia viatu vya kuchezea densi. Sawa. Nyahururu kuna baridi, na baridi yenyewe itakuambia, haina haja ya mdomo wangu. Mambo ya dawa, ya pasipoti, ya nani atakungoja uwanja wa ndege, tumeyazozania wiki nzima na sitayarudia hapa.

Naandika kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole, ukiburuta kidole chini ya mstari kama ulipokuwa mdogo, na najua ukimaliza utanijibu kwa Kiingereza. Lakini mimi kwa Kiingereza ni mtu wa kazini. Nimekizoea kwa kusema sorry, please, nimemaliza vyumba vya juu. Siwezi kukuambia mambo haya kwa lugha ninayoombea radhi kila siku. Soma kwa sauti, masikio yatayasaidia macho.

Katikati ya zile leso mbili utakuta bahasha ya rangi ya maziwa. Usiifungue kabla hujamaliza barua hii. Ndani yake mna kadi. Ukifika kwa shosho yako, mama yangu, kitu cha kwanza atakuuliza ni jina lako. Wewe utamjibu ukweli, na ukweli huo unaweza kukufungia mlango hata kabla hujatua mkoba. Kosa si lako. Ndiyo maana naandika.

Nilipoondoka nyumbani nilikuwa na umri kama wako. Mama alinituma hapa London kwa shangazi nisomee kazi ya ukatibu. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa na mimba yako. Habari za baba yako unazijua, na leo hana nafasi humu. Shangazi ndiye aliyempigia mama simu. Mimi nilisimama kwenye korido, mgongo ukutani, nikasikia sauti ya mama ikitoka kwenye kile kipaza kama redio ya jirani.

"Mwambie mimi sina mtoto London."

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Siku hizi nikikuona unabishana na kioo bafuni naona jinsi miaka hiyo ilivyo michache. Wakati ule nilijiona nimekomaa kabisa, na nikaanza kutafuta kitu cha kumuumiza nacho.

Sasa sikiliza hili, maana sijawahi kukuambia. Kwetu Wakikuyu jina la mtoto halitafutwi kwenye kitabu. Linakuwa limeshakaa linamngoja. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, lakini mama akiwa hana mume, mtoto ni wa nyumba ya kwao, na jina ni la nyanya wa upande huo. Hakuna anayeulizwa anapenda nini. Kwa hiyo wewe, tangu ulipoanza kunipiga mateke, ulikuwa Nyambura. Hilo ndilo jina la shosho yako. Na mzee akipata wajina, Denise, ni raha nyingine kabisa. Anasikia jina lake likiitwa uani, anageuka, anaona kitoto kimegeuka pia, kina udongo mdomoni. Anajua kwamba siku akiondoka, hataondoka kabisa.

Mimi ni mtoto wake pekee. Hakukuwa na mwingine wa kumpa.

Nililijua hilo vizuri. Siku nzima ya uchungu alinishika mkono nesi mmoja wa Jamaika, mwenye kiganja kigumu, akiniinua kichwa na kuniambia, "Sukuma, mtoto mzuri, sukuma." Miezi ile hakuna mtu mwingine aliyeniita mtoto mzuri. Jina lake lilikuwa Denise. Kila ulipokuwa ukiniuliza jina lako limetoka wapi, nilikuambia hadithi hii, na ni ya kweli. Lakini ni nusu. Karani wa vizazi aliniuliza kama kuna jina jingine la kuongeza. Aliinua kalamu akangoja, mama wa watu, hakuwa na haraka. Nikamwambia hakuna.

Kisha nikaenda kwenye kibanda cha simu pale barabara kuu, nimekufunga kifuani, nikampigia mama.

"Umejifungua?"

"Nimejifungua. Msichana."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nakuapia alikuwa anataka kufurahi.

"Anaitwa nani?"

"Denise."

"Denise ni nani?"

"Ni nesi."

Halafu akasema, "Na mimi ni nani?"

Simu ikaanza ile milio ya kuonya kwamba inakatika. Nilikuwa na sarafu nyingine mkononi, imeshapata joto. Sikuitia.

Baada ya hapo sikumpigia tena, wala yeye hakunitafuta. Na Kikuyu nikakunyima pia, maana kila nikikufungulia mdomo kwa Kikuyu nilikuwa namsikia yeye. Kiswahili ulikipata kwa Mama Furaha wa ghorofa ya chini, yule Mkongomani aliyekulea nikiwa kazini, na mimi nikakifuata hicho hicho, kwa sababu hakikuwa na mtu ndani yake.

Ulipokuwa na miaka mitano nilipata kazi kwa Mzee Morris, kule Golders Green. Unamkumbuka. Ni yule aliyekupa kopo la vifungo ukae chini ya meza uvipange kwa rangi. Alikuwa amestaafu ushonaji wa masuti, mjane, miguu imevimba, anaishi na mwanawe Daniel na mkaza mwana wake Ruth. Ni Wayahudi wanaoshika dini yao. Asubuhi nilimwogesha, nikamvalisha, nikapika, nikasafisha. Nilijivunia kuijua nyumba ile. Sahani za nyama zina kabati lao na sinki lao, za maziwa zina lao, na sikuwahi kukosea hata kijiko. Ruth alikuwa akiwaambia wageni, "Mary anajua jikoni kuliko mimi." Mary ni mimi. Ni jina langu la ubatizo, nilikuwa nawapa watu wa kazini ili wasiteseke na lile jingine.

Ruth na Daniel walikuwa wamengoja mtoto miaka saba. Mimba ilipokamata nilitaka kumwambia hongera, naye akanifunika mdomo kwa kiganja, hivi, kama mtu wa nyumbani. "Usiseme hongera kabla hajafika," akaniambia. "Sema, iwe kwa saa njema." Hawakununua hata soksi. Kitanda cha mtoto kilikaa dukani miezi mitatu kikingoja kuitwa. Jambo hilo lilinipendeza sana. Nikajiambia, watu hawa ni kama sisi, wanaogopa mahali panapopaswa kuogopwa. Na nikishaona watu ni kama sisi, mwanangu, huwa naacha kuuliza. Hilo ni tatizo langu na sijapona mpaka leo.

Mtoto akazaliwa, mvulana, mzima. Nikasema sasa hongera ni ruhusa. Pale kwao palikuwa na duka la kadi, na ndani yake rafu nzima ni kadi za Kiyahudi, za sikukuu, za harusi, za mtoto wa kwanza. Nilisimama nimepumbaa. Nchi hii ina kadi ya kila kitu. Mama mwenye duka akaniuliza nampelekea nani.

"Bosi wangu. Amepata mtoto baada ya miaka saba."

"Basi mchekeshe," akasema. "Wa kumliza watakuwa wengi." Akanitolea hii.

Nje imechorwa kitoto cha siku moja, kimelala kwenye kitanda cha hospitali, bado kina kile kibandiko cha jina mkononi. Juu yake wameinama nyanya wawili na babu wawili, na nyanya mmoja ana sufuria ya supu ya kuku. Ukifungua ndani, mwenye sufuria anamwambia mwenzake: "Ana siku moja nzima duniani, na hajanipigia simu hata mara moja."

Nilicheka dukani mpaka yule mama akacheka pia. Kwenye basi nikaitoa tena, nikaisoma, nikaona sicheki. Nikaigeuza uso chini juu ya mapaja mpaka Kilburn.

Sasa nikaandika ndani. Mtoto wa kwanza wa kiume, baba yake anaitwa Daniel, na baba ya Daniel ni Morris, anapumua, anakunywa chai. Kwangu hapakuwa na swali. Kwa Kiingereza changu nikaandika: "Karibu, Morris mdogo. Ukue umwone babu yako, na yeye akuone." Nilitumia kalamu nzuri. Nilijivunia hata mwandiko.

Niliipeleka siku ya sita. Mtoto alikuwa bado hajapewa jina, maana wao humpa siku ya nane anapotahiriwa, na kabla ya hapo halitamkwi. Sikujua hilo. Sebule imejaa watu, na mamake Ruth anasoma kadi moja moja kwa sauti ili wacheke. Akafika kwenye yangu. Akasoma ile ya supu, watu wakacheka sana, na yeye akacheka kuliko wote, maana ilikuwa yeye kabisa. Akaendelea chini, kwa mwandiko wangu. Alipofika kwenye jina, sauti yake ikamwishia.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya vikombe.

"Nani ameandika hii?" Akaigeuza. "Mary?"

Akafanya mdomo kama anatema mate, mara tatu, pembeni, kufukuza balaa. Ruth akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa shangazi yake akamkumbatia kama kuna mtu anayetaka kumnyang'anya. Hakunifokea, na ningependa angenifokea.

"Umemwandikia jina la baba," akasema. "Mary, baba yuko hai. Ameketi pale."

"Najua yuko hai," nikasema. "Ndiyo sababu."

Hakuna aliyenielewa. Kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, Mzee Morris akainua mkono.

"Bado nipo, au mmeshaanza kugawana masuti yangu?"

"Baba, tafadhali," Daniel akasema.

"Leteni kadi yangu."

"Ni ya mtoto."

"Mtoto hana jina. Jina lililoandikwa ni langu. Leteni."

Baadaye, wageni walipopungua, alijikokota mpaka jikoni na ile fimbo yake, akaketi. Nilimpa chai ya rangi na limau kwenye glasi, kama alivyoipenda. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu kwenye mfuko, maana nilijua kazi imekwisha.

"Wairimu," akasema. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyeniita hivyo. Aliwahi kuniambia kwamba shuleni Waingereza walimpa yeye pia jina lisilo lake, na anajua linavyobana kwapani. "Sisi jina tunampa mtoto la mtu aliyekwisha kuondoka. La aliye hai hatugusi. Malaika wa mauti akija na karatasi yake, akute Morris wawili nyumba moja, unadhani atauliza tarehe za kuzaliwa?"

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

"Nimeona hukujua. Kwenu je?"

"Kwetu ni kinyume. Mtu akiwa hai ndiyo raha yake. Kumnyima jina lake ndiyo..." Nikatafuta neno.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kumzika."

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Kuna Wayahudi wa kule Moroko wanaofanya kama nyinyi. Marehemu mke wangu alikuwa akisema watu wale hawana hofu." Akanywa. "Na yule mdogo wa vifungo? Ana jina la mama yako?"

"Hapana."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi kwa sheria yetu umefanya vizuri sana!" Akacheka, akakohoa, akajifuta mdomo, akaniangalia. Kicheko kikaisha. Akaniuliza taratibu, "Denise ni nani?"

Maneno yale yale, Denise. Watu wawili ambao hawatawahi kuonana, mmoja Nyahururu na mmoja Golders Green, na swali ni lile lile. Niligeuka nikasugua sinki la maziwa, ambalo lilikuwa safi. Nikamwambia yote, mgongo nimempa yeye. Habari ya korido, ya nesi, ya sarafu iliyobaki mkononi.

Hakunihubiria. Alifungua kadi, akaweka kidole juu ya kile kitoto. "Huyu ana siku moja. Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Hata yeye ana udhuru kuliko wewe," akasema. Akaitia kadi mfukoni mwa sweta.

Hawakunifukuza. Mtoto akaitwa jina la babu yake Ruth, marehemu, na akakua vizuri. Kadi ilikaa mezani kwa mzee kando ya dawa zake, na kila Jumatatu nikimfunga vifungo vya shati aliniuliza, "Umepiga?" Nami nilikuwa na majibu. Nitapiga Jumapili. Kule mtandao ni mbaya. Mtoto ana homa. Siku moja akanionyesha simu ya korido kwa fimbo, "Ile pale, inakuangalia." Nikamwambia simu ya kazini si ya mambo yangu mwenyewe. Nilijificha nyuma ya uaminifu, Denise, na hakuna mahali pa kujificha pazuri kama hapo, kwa sababu watu wanakusifu ukiwa humo humo ndani.

Nilikuwa nikijiambia nangoja mama aombe radhi kwanza. Alikuwa amesema hana mtoto, na aliyesema ndiye wa kufuta. Nilikuwa na haki, na mpaka leo naamini nilikuwa nayo. Niliishika ile haki miaka tisa. Haikunipikia, haikunibebea mtoto, haikunipokea siku nilipougua. Nilipoitazama vizuri, haki yenyewe ilikuwa na miaka kumi na minane bado, na mimi nimeshakuwa mtu mzima.

Ulipokuwa na miaka tisa Mzee Morris akafa. Alikwenda polepole, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akikunja suruali. Miezi michache baadaye Ruth akajifungua mvulana wa pili, na siku ya nane akanipigia. "Njoo kama mgeni," akasema. "Usije na aproni."

Nilivaa gauni la kanisani. Walipomaliza mambo yao, Ruth akaja moja kwa moja katikati ya watu wote, mamake akiwepo, akaniwekea mtoto mikononi.

"Sasa unaweza kumsalimia," akaniambia.

Nikasema, "Karibu, Morris mdogo." Mamake Ruth akaanza kulia, akanishika bega, akaniletea sahani ya samaki iliyojaa kiasi kwamba sikujua niishike kwa mkono gani.

Ndipo Ruth akanipa bahasha hiyo iliyo kwenye leso zako. "Tulipopanga vitu vyake tuliikuta. Alisema irudi kwako." Nikaifungua. Chini ya mwandiko wangu, chini ya "Karibu, Morris mdogo," mzee alikuwa ameandika kwa penseli yake ya kushonea:

"Bado. Lakini asante."

Niliomba simu ya korido. Nambari ilikuwa ile ile ya duka la jirani wa nyumbani kwetu, na ilibidi ningoje mtu amwite mama kutoka shambani. Nilisikia kuku, nikasikia mlango, nikasikia akihema.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Wairimu."

"Wairimu wa nani?"

Kwetu mtu akikuuliza hivyo, anakuuliza wewe ni wa nani kwa kuzaliwa. Alikuwa amenifungulia mlango wote, mwanangu, kilichobaki ni mimi kuingia. Jibu lilikuwa neno moja. Nikaona haya. Nikasema, "Wairimu wa London, mama."

"Aha," akasema. "Wa London."

Tukaongea juu ya mvua.

Tangu siku hiyo nimempigia kila Krismasi na kila Pasaka, na wewe umenisikia, tukiongea juu ya mvua na ng'ombe na bei ya mbolea. Umewahi kuniuliza mbona sikupi simu umsalimie. Ni kwa sababu hajawahi kukutaja kwa jina. Kwa miaka tisa husema, "Yule mtoto hajambo?" Nami hujibu, "Hajambo." Nilijua anachokisema na nilijua anajua ninajua. Nilikuwa naogopa nikikupa simu atakuuliza, nawe utamjibu kwa sauti yako nzuri ya Kilburn, "Denise," na yeye atafunga roho kwa mara ya pili, na safari hii sikioni mwako.

Halafu mwezi wa kwanza akaanguka zizini akavunjika nyonga. Nikapiga simu siku isiyo ya sikukuu. Akaniambia, "Yule mtoto amemaliza shule?" Nikasema yuko karibu. "Mwambie aje nimwone. Miguu yangu haiwezi kuja huko."

Nilikuambia ukiwa unakula mkate umesimama. Nilidhani utasema una mambo yako, una chuo, una marafiki. Ukasema kwa Kiingereza, mdomo umejaa, kwamba chuo kitangoja mwaka. Nikaenda bafuni nikafungua maji ili usisikie.

Mimi siwezi kuja nawe. Unajua faili langu liko mezani kwa watu wa uhamiaji, nikitoka sijui kama mlango utafunguliwa nirudi. Wewe una pasipoti nyekundu, unapita. Ndivyo ilivyo: kosa nimefanya mimi, na anayekwenda kusimama mbele yake ni wewe. Nimetafuta namna nyingine wiki zote hizi, nikiwa nasugua ngazi za watu, na sijaiona.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, na hakuna hata moja la lazima.

Ukimkuta mkali, usiogope. Ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Ana Kiswahili cha sokoni, mtaelewana. Asipokuelewa atapaza sauti zaidi, wewe cheka tu. Akikuuliza jina, mwambie Denise, wala usiinamishe kichwa. Nimekulea miaka kumi na minane kwa jina hilo, nimelifua, nimelipigia pasi, nimeliita kwenye dirisha la ghorofa ya tatu mvua ikinyesha. Silionei haya wala sikulifanyia mzaha. Akikuuliza Denise ni nani, usimwambie ni nesi. Nesi alikuwa jibu langu. Mwambie, "Ni mimi."

Hilo lingine, Nyambura, sitakuwekea sandukuni kama sweta. Ungekuwa mtoto wa siku nane ningekupa bila kukuuliza, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Sasa umekuwa mtu. Ukiishi naye, ukamwogesha, ukala chakula chake, ukaona kwamba jina lile linakukaa, lichukue mwenyewe, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Ukiona halikukai, liache pale pale lilipo, nami sitakulaumu hata kidogo. Lakini usilichukue kwa kunionea huruma mimi. Yeye atajua siku hiyo hiyo. Ameniona nikidanganya tangu nikiwa na meno ya utoto.

Umewahi kuniuliza kwa nini nikichoka sana nakuita "mama." Uliona ni kichekesho, mtoto kuitwa mama. Kwetu ndivyo tunavyomwita binti aliyepewa jina la mama yetu. Lilikuwa linaniponyoka.

Kadi mpe yeye. Mfafanulie mchoro, mwambie nyanya wa Kizungu ana sufuria ya kuku na analalamika mjukuu hapigi simu. Nadhani atacheka, yeye ni mcheshi, usidanganyike na uso wake. Msomee nilichomwandikia Morris mdogo, na alichoandika mzee kwa penseli. Mwambie huyo mzee alikuwa akiniuliza habari zake kila Jumatatu. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Leo nimejaribu kumwandikia mama hapo, nikachana karatasi nne za kujaribia. Mwishowe nimeandika jina langu tu, lote, kama nilivyotakiwa kumjibu siku ile kwenye simu ya korido.

Nakusikia kwenye ngazi, unacheka na Furaha. Sanduku limefunga. Viatu vyako vya densi vimo, na sweta nimezirudisha, nimekushinda.

Kesho kutwa nitakuwa kazini, simu mfukoni mwa aproni, na nimeshamwambia msimamizi kwamba ikilia nitaitika hata nikiwa juu ya ngazi. Ukishakuwa na siku moja nzima kwa shosho yako, piga. Usiniambie mengi. Niambie umefika, halafu mpe yeye simu. Akiniuliza mimi ni nani, safari hii ninalo jibu.

Mama yako,

Wairimu wa Nyambura